Seli Tupu Si Sifuri

Kazi yangu ni kunyoosha. Mtu akimaliza kuandika tasnifu, akiwa ameichoka hata hataki kuiona, huniletea mimi. Napanga vichwa vya sura, nasawazisha majedwali, narekebisha tahajia, nafuta nafasi zilizozidi, nahakikisha kwamba Jedwali la 4 linalotajwa ukurasa wa 60 kweli lipo. Si kazi ya kutangaza harusini, lakini inataka jicho, na jicho langu nililiamini kuliko kitu chochote. Nikiona jambo limekaa upande, mkono huniwasha.

Mwaka mmoja zilinijia kazi tatu kwa mpigo. Moja ilikuwa ya mtafiti asiyeona, aliyekuwa akichunguza kwa nini watu wanapewa vifaa saidizi kisha wanaviweka kabatini. Nyingine ya mzee mmoja, mwalimu wa fasihi, aliyekuwa akihariri utenzi wa kumsifu Mtume kutoka kwenye muswada wa hati za Kiarabu. Na nyingine ya dada mmoja wa sayansi ya wadudu, mambo ya afya ya nyuki. Nilizipokea zote bila kusita, maana kwangu zilikuwa kitu kimoja: maneno na tarakimu zinazongoja kupigwa pasi.

Zote tatu niliziharibu, na kwa bidii.

Nianze na nyuki, kwa sababu huko ndiko nilikofanya ovyo zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Nusu dakika, labda.

Faili la yule dada lilikuwa jedwali refu. Mizinga kwenye mistari, majuma kwenye safu, na ndani ya kila seli idadi ya utitiri. Utitiri wenyewe ni varoa, mdudu wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, bapa kama kaa, mdogo kama kichwa cha pini. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia, Apis cerana, ambao wamezoeana naye tangu zamani. Karne ya 20 akavuka, akamwingia Apis mellifera, nyuki wa asali anayefugwa karibu kila mahali, na huyu hakuwa amejiandaa. Varoa jike huingia ndani ya kijumba cha sega muda mfupi kabla hakijafunikwa kwa nta, akazalia humo humo pamoja na buu. Anapenda zaidi vijumba vya madume, kwa sababu dume huchukua siku 24 kukua na kibarua, nyuki wa kazi, siku 21, kwa hiyo kwa dume anapata nafasi ya kuzaa wengi. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba anamfyonza nyuki damu. Mwaka 2019 watafiti wakaonyesha kuwa chakula chake hasa ni tishu ya mafuta, kiungo ambacho kwa nyuki hufanya kazi nyingi za ini. Na akila hali bure: humwachia virusi, hasa vile vinavyomfanya nyuki atoke kijumbani na mbawa zilizojikunyata kama karatasi iliyolowa.

Haya yote aliniambia baadaye, nikiwa nimeshaharibu. Wakati ule nilichokiona mimi ni fujo. Seli nyingine zilikuwa na tarakimu. Nyingine zilikuwa na sifuri. Nyingine zilikuwa na kistari. Nyingine zilikuwa tupu kabisa. Nikasema moyoni, huyu dada ameandika kwa hali ya uchovu, leo sifuri, kesho kistari, keshokutwa anasahau. Nikachagua safu zote, nikatoa amri moja, na kila kilichokuwa si tarakimu kikageuka sifuri. Jedwali likang'aa. Nikachora na grafu, maana nilijisikia mkarimu, na mstari wa grafu ulishuka vizuri sana kuelekea mwisho wa msimu. Dawa imefanya kazi, nikamwandikia, hongera.

Alinipigia simu usiku.

"Kaka, mzinga wa kumi na nne umeufufua lini?"

Sikumwelewa. Akaniambia mzinga ule aliubeba yeye mwenyewe kwa mikono yake wiki ya tisa, hauna nyuki hata mmoja, masega yote yamefumwa utando na nondo wa nta. Kwenye grafu yangu mzinga wa kumi na nne ndio uliokuwa na afya kuliko yote. Utitiri sifuri, wiki baada ya wiki. Bila shaka, hakukuwa na nyuki wa kumkalia.

Kistari maana yake kundi limekufa au limehama. Seli tupu maana yake siku hiyo mzinga haukufunguliwa, pengine kwa mvua, pengine nyuki walikuwa wakali. Na sifuri, ile sifuri halisi, maana yake ni jambo jingine kabisa. Maana yake ni kwamba alichota nusu kikombe cha nyuki kutoka kwenye fremu ya majana, yaani watoto wa nyuki, baada ya kuhakikisha malkia hayumo, akawatia kwenye chupa ya spiriti, akatikisa, utitiri ukaachia na kuzama chini ya wavu, akahesabu, na hakukuta hata mmoja. Nusu kikombe ni nyuki kama 300. Ukikuta utitiri tisa, hiyo ni mitatu kwa kila nyuki mia, na wafugaji wengi wakifika hapo huona ni wakati wa kutibu.

"Kila tarakimu humo nimeiulia nyuki mia tatu," aliniambia. "Sifuri pia."

Nilikuwa nimehifadhi juu ya faili lile lile. Kilichotuokoa ni daftari lake la shambani, la penseli, kurasa zimegandana kwa gundi ya nyuki na zinanuka moshi. Jioni mbili tulikaa, yeye anasoma mimi naandika. Kila tulipofika kwenye nafasi tupu alisimama akakumbuka: hapa kitoa moshi kilizimika, hapa niliumwa jichoni, hapa upepo. Nafasi tupu zilikuwa na habari kuliko tarakimu, kusema kweli. Mimi nilikuwa nikiandika kimya.

Mtu angedhani hapo nimeshajifunza. Sivyo. Nilijua nimekosea kwenye hesabu za nyuki, nikadhani somo ni la nyuki.

Yule mtafiti asiyeona alinitumia sura zake zote na maandishi ya mahojiano aliyofanya na watumiaji wa vifaa. Nikamrudishia sura ya pili imejaa wekundu, kazi ya siku nne. Asubuhi yake akanijibu kwa upole: "Nimesoma yote, ndugu yangu. Mbona hujarekebisha kitu?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Rangi nyekundu haisemi. Programu yake ya kusoma skrini ilimsomea sentensi yangu na sentensi yake zikiwa zimegandana, bila kumwambia ipi ya nani. Akaona nimemwongezea makosa. Na alikuwa na mengine. Vichwa vya sura nilivitengeneza kwa kukoza herufi na kuzikuza, ionekane tu kwamba ni kichwa. Yeye hasomi tasnifu kwa kuikodolea macho, hubofya herufi H, programu ikamrusha kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Kwa kuwa kwenye faili havikuwa vichwa bali maandishi makubwa tu, programu haikupata pa kurukia. Nilimjengea nyumba ya kurasa 200 isiyo na mlango hata mmoja. Majedwali, ambayo nilijivunia, niliyaunganisha seli zake yapendeze, mengine nikayabandika kama picha. Akanirekodia sauti ya programu ikisoma ukurasa wa 88. Ilisema: picha. Halafu: picha. Halafu, kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata hata kidogo, mfululizo wa tarakimu zisizojulikana ni za safu gani. Kasi ile ndiyo yake ya kila siku. Alipoipunguza ili nami nisikie, alijinyoosha kitini kama mtu anayesubiri foleni.

Programu anayotumia ni ya bure, NVDA. Ilianzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, kisha mwenzake asiyeona, James Teh, akaungana naye, na akiwataja utadhani anataja majirani. Nukta nundu pia anazisoma, zile nukta sita za Louis Braille, na alinieleza kwamba Braille mwenyewe alipofuka utotoni baada ya kujichoma jicho na chombo chenye ncha kwenye karakana ya baba yake, na mfumo wake ukachapishwa mwaka 1829 akiwa na miaka 20. "Aliyeona tatizo ndiye aliyekuwa nalo," alisema, kisha akarudi kwenye ukurasa wa 88.

Haya ya vichwa na majedwali yalirekebishika. Lililoniuma ni la mahojiano.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inasema zaidi ya watu bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, miwani, kiti cha magurudumu, kifaa cha kusikia, fimbo nyeupe na kadhalika. Wengi hawakipati. Yeye hakuandika juu ya hao, aliandika juu ya wale waliokipata wakakiacha. Upo utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 anaoutegemea sana: watu wazima 227 waliulizwa kuhusu vifaa vyao, ikaonekana asilimia 29.3 ya vifaa hivyo viliachwa kabisa. Na miongoni mwa sababu zilizobainika ni kwamba wakati wa kuchagua kifaa, maoni ya mtumiaji hayakutiliwa maanani.

Sasa fikiria mimi na mahojiano yale. Kuna mzee aliulizwa kifaa chake cha kusikia kinafanyaje kazi. Akajibu kinafanya kazi vizuri, anasikia. Hilo nililiacha. Kisha akaingia kwenye hadithi ndefu ya mjukuu wake, anavyokuja mbio, anavyorukia shingoni, na kifaa kinavyopiga mluzi kila anapomkumbatia, hata mtoto akaanza kumwogopa, ndipo akaanza kukivua saa za mtoto kurudi, halafu akawa anasahau kukivaa tena. Kurasa mbili na ushee. Nikaandika pembeni "nje ya mada", nikafuta. Nikafuta na "eeh" zote, na vinyamazo vyote.

Vifaa vile hupiga mluzi kitu kikisogea karibu na sikio, kwa sababu sauti inayotoka inarudi kuingia kwenye kipaza sauti. Kila fundi anajua. Lakini fundi humwuliza mzee kama anasikia, hamwulizi kama anakumbatiwa. Ile hadithi ya mjukuu ndiyo ilikuwa tasnifu yenyewe, na mimi nilibakiza "kinafanya kazi vizuri, anasikia". Mtafiti alipogundua hakupandisha sauti. Aliniomba tu nimsomee kwa sauti nilichobakiza, kisha akaniuliza, "Kwa jibu hilo, kwa nini kifaa kiko kabatini?"

Rekodi zilikuwepo, alhamdulillahi. Nikayarudia mahojiano yote kwa masikio, vinyamazo na vyote. Na kwa kuwa niliona aibu, nikaiweka ile programu kwenye kompyuta yangu nijifunze kusikia ninachoandika. Nilizima skrini. Saa ya kwanza nilijisikia kama mtu aliyeingizwa chumba cha mtu mwingine gizani, kila kitu nakigonga.

Ndivyo utenzi ulivyoingia. Nilihitaji faili la kufanyia mazoezi na la utenzi lilikuwa limefunguliwa, nimeshalisafisha, linangoja kurudishwa kwa Ustadhi, yule mwalimu wa fasihi. Nikawa namsikilizisha yule ndugu mtafiti kwa simu, nione kama nimeweka vichwa sawasawa. Programu inasoma kwa sauti yake kavu ya bati, beti baada ya beti. Mara akasema:

"Rudia hicho. Kinachechemea."

"Kipi?"

"Hicho kipande. Kina mizani tisa."

Niliwahi kusoma shuleni kwamba kipande cha utenzi kina mizani nane. Yeye hakukisoma, alikulia ndani yake, kwa sikio. Na sauti ya mashine ilimsaidia, akanieleza: mwimbaji hodari humeza silabi iliyozidi ukafurahi usijue, lakini mashine haina mahadhi, haimfichii mtu. Nikahesabu kwa vidole. Tisa. Nikaenda cha pili, nane. Cha tatu, tisa. Nikafungua picha ya muswada wa asili, moyo unaenda mbio.

Kosa lilikuwa langu. Mshairi ametumia umbo la zamani, tuseme "Mola metupa neema", mizani nane zimetimia. Mimi nikaona "metupa" haina kiambishi cha nafsi, nikamsaidia: "Mola ametupa neema". Tisa. Nilifanya hivyo kila mahali. Na nikakumbuka mengine ambayo yule ndugu hakuwa ameyasikia bado. Mshairi ni wa Kiamu, lahaja ya Lamu, anasema "nti" kwa nchi, "mato" kwa macho, "ndia" kwa njia. Katika ubeti mmoja vipande vitatu viliishia kwa "wakati", "umauti" na "nti". Nikaandika "nchi". Kina kikavunjika pale pale nilipokuwa nikikinyoosha, na jicho halikuona, kwa kuwa jicho lilikuwa linasoma Kiswahili sanifu na kuridhika.

Kwa Ustadhi nilikwenda mwenyewe, sikuthubutu kuandika. Nilimkuta na muswada wenyewe mezani. Nilikuwa sijawahi kuuona ila kwa picha. Karatasi nene ya rangi ya chai, wino mweusi, na mahali mahali wino mwekundu. Nikamshika mkono, nikamwambia yote kwa mkupuo. Akavua miwani.

"Kaa, mwanangu. Nisomee hapa."

Akaweka kidole. Kiarabu nakisoma kidogo, kwa herufi. Neno lilikuwa na be na te. Nikasema, "Bita?" Akatikisa kichwa. Akanieleza pole pole, jinsi anavyowaeleza wanafunzi wake nadhani. Kiarabu kina irabu tatu: fataha, kasra, dhumma. Kiswahili kina tano. Kwa hiyo kasra moja huweza kuwa i au e, na dhumma moja huweza kuwa u au o. Kiarabu hakina p, basi wanakili wengi waliiandikia be ile ile, na mara nyingi walipofika kwenye mb walitoa be tu. Hivyo neno lile laweza kuwa pita, laweza kuwa peta. Anayelijua huongozwa na maana, na mizani, na kina. Asiyelijua hawezi kuongozwa na chochote.

"Muswada huu haukuandikwa umfundishe asiyejua," alisema. "Uliandikwa umkumbushe anayejua."

Ndiyo maana miaka miwili alikuwa akienda kwa wazee wanaoukumbuka, anawasikiliza wakiusoma, na pale wawili walipotofautiana aliandika zote mbili. Mimi zile "zote mbili" niliziona kama kusitasita kwa mwandishi, nikamchagulia moja.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na pambizo umezifanya nini?"

Nilizikata. Picha zilikuwa na pambizo pana zenye madoa, nikazipunguza ziingie vizuri kwenye ukurasa. Akanigeuzia muswada nione. Pembeni mwa maandishi, kila baada ya beti kadhaa, kulikuwa na alama ndogo nyekundu, kama jicho la ndege. Hapo, alisema, msomaji hunyamaza na waliohudhuria huitikia kwa kumsalia Mtume. Madoa yalikuwa ya mafuta ya taa, yamezidi kwenye kurasa fulani tu, na kurasa hizo pembe zake zimelainika kama kitambaa. Huko ndiko watu walikokaa muda mrefu. Kurasa nyingine zilikuwa kavu na mpya, hakuna aliyezisoma. Mambo haya hayamo ndani ya beti. Yamo pambizoni tu, na mimi niliyatupa ili picha zilingane upana.

Alinitajia Burda ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13. Yasimuliwa kwamba alipooza nusu ya mwili, akatunga kasida ya kumsifu Mtume, akamwota amemfunika joho lake, akaamka mzima. Tangu hapo watu wameisoma Burda kwa karne saba kwa wagonjwa wao, wameiandika kutani, wameining'iniza. "Ukiuhariri ushairi kama huu maneno matupu," alisema, "umehariri joho ukamwacha mtu."

Nikamwambia habari za nyuki na za yule ndugu, sijui kwa nini, labda nijitetee kwamba sikumkosea yeye peke yake. Alifurahi aliposikia nyuki. Akanisomea aya ya 68 na 69 za Sura An-Nahl, sura ya Nyuki katika Kurani, kisha akarudia maneno matatu: ittakhidhi, kuli, fasluki. Jifanyie nyumba, kula, pita njia za Mola wako. Amri zote tatu zimekuja katika umbo la kike, i moja mwishoni. Na anayejenga sega na kutoka kutafuta nekta ni kibarua, ambaye ni jike. Kiswahili hakina pa kuiweka i ile, ukitafsiri imekwenda. Alisema hivyo bila kulitilia uzito sana, kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu, kisha akachukua kalamu ya penseli tukaanza upya ubeti wa kwanza.

Kuna jambo nilimpinga, na bado nampinga kidogo. Mwishoni mwa tenzi nyingi mshairi huomba radhi na kumwambia msomaji: ukiona kosa, lirekebishe. Huyu naye amesema hivyo, ubeti wa tatu kutoka mwisho. Nikamwonyesha. "Amenipa ruhusa, Ustadhi." Akacheka mpaka akakohoa. Lakini hoja yangu ipo. Wanakili wa zamani nao walirekebisha, ndiyo maana nakala hutofautiana, na wengine walirekebisha vizuri. Muswada usioguswa na mtu hakuna. Ustadhi mwenyewe alikiri kwamba mnakili wa huu ameruka kipande kizima ukurasa wa 11, na tulikirudisha kutoka nakala nyingine. Tofauti ni kwamba tulikirudisha ndani ya mabano, na chini tukasema tumekitoa wapi. Miye sikuwa nimeweka mabano popote. Nyuki, mzee na mjukuu wake, nti: pote nilipita bila kuacha alama ya mguu, nikaona huo ndio ufundi.

Sijaacha kazi hii. Siku hizi faili lililoletwa silifungui kabla sijafanya nakala nikaifunga. Marekebisho yangu huyaandika kama maoni, yasomeke na yasikike, si rangi. Na kila kazi nina karatasi ya maswali. Kuna mteja mmoja aliniambia kwa hasira kwamba ananilipa nipunguze maswali, si niongeze. Nilimwelewa. Maswali ni uchovu kwa mtu aliyemaliza tasnifu.

Yule dada wa nyuki alinisamehe haraka kuliko wenzake, na msimu uliofuata akanichukua nione jaribio jingine. Alibana bomba fupi pana juu ya sega lenye majana yaliyofunikwa, akamimina nitrojeni ya majimaji ndani yake, ikafuka moshi mweupe, na mabuu yote ndani ya duara lile yakafa kwa baridi. Akairudisha fremu mzingani. Kesho yake saa ile ile akaitoa na kuhesabu. Kundi likiwa limeondoa angalau asilimia 95 ya wafu ndani ya saa 24, huhesabiwa kuwa ni kundi safi, na makundi ya namna hiyo ndiyo anayoyatafuta, kwa sababu nyuki wanaonusa buu mgonjwa na kumtoa mapema hukatiza ugonjwa kabla haujaenea.

Duara lilikuwa tupu, karibu lote. Vibarua walikuwa bado wanaburura vipande vyeupe kuelekea mlangoni. Akanionyesha kwenye ukingo, nje kidogo ya duara, vijumba ambavyo kifuniko chake kilikuwa na kiraka cha nta mpya katikati. Humo, alisema, wametoboa, wamechungulia, wamekuta buu mzima, wakafunika tena.

Jana nimepokea jedwali jipya kutoka kwake. Safu ya sita, mzinga wa 22, seli iko tupu. Nimemwandikia kumwuliza. Yuko shambani, huko mtandao haushiki, na sitarajii jibu kabla ya Jumatatu.